Sura ya Sita: Kofia Juu ya Kiini

Mwishoni mwa Oktoba, saa sita mchana, mwembe wa Kampemba, jijini Lubumbashi, hauna kivuli cha kumgawia jirani. Jua liko utosini, kivuli chote kimejikusanya chini ya matawi, na anayekitaka hana budi kukaa shinani. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huipita kichwani mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Oktoba likielekea kusini, na katikati ya Februari likirudi. Mji huo pia umekaa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uwezo wa kuchuja miale ya urujuanimno. Miale hiyo haionekani kwa jicho wala haisikiki kama joto, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwezi wa Juni, kipindi cha baridi, watu wa Kampemba huvaa masweta asubuhi na kudhani kwamba jua limepoa. Pima kivuli. Mtu mwenye urefu wa sentimita 160 akisimama uwanjani adhuhuri ya Juni, kivuli chake kina sentimita 112 tu. Kanuni ya wataalamu wa ngozi ni rahisi: kivuli kikiwa kifupi kuliko mwenyewe, jua linaunguza. Kwa kipimo hicho, Kampemba haina mwezi hata mmoja ambao adhuhuri yake ni salama kwa ngozi isiyo na rangi. Hoja ya sura hii inaanzia hapo. Mtu mwenye ualbino huambiwa, na mara nyingi huamini, kwamba saratani ya ngozi ni sehemu ya urithi wake. Utafiti wa jeni, ambao wengi wanauogopa kama hukumu, unasema vingine: alichorithi ni ngozi iliyokosa kinga. Saratani yenyewe hutengenezwa na jua, saa baada ya saa, na kinachotengenezwa saa baada ya saa kinaweza kuzuiliwa.

Ili kuelewa kinachokosekana, tuanze na ngozi nyeusi ya kawaida. Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi zimo seli chache zenye kazi moja, kupika rangi iitwayo melanini. Rangi hiyo hufungwa katika vifuko vidogo sana, kisha kila mpishi huwagawia majirani zaidi ya 30. Jirani anayepokea vifuko vyake havitapanyi ovyo. Huvipanga juu ya kiini cha seli, upande unaotazama jua, vikakaa pale kama kofia juu ya kichwa. Ndani ya kiini hicho ndimo vilimo vinasaba, uzi mrefu wenye maagizo yote ya mwili yaliyoandikwa kwa herufi nne. Mwale unaopenya kofia hugonga uzi huo na kugandisha herufi mbili zilizokaa jirani, kama kurasa mbili za daftari zilizomwagikiwa gundi. Hapo seli huita mafundi wake. Hulitafuta doa, hukata kipande cha herufi 30 hivi, hukitupa, kisha hujaza pengo kwa kunakili uzi wa pili uliosalia mzima. Aziz Sancar, mwanasayansi aliyezaliwa Uturuki, alieleza hatua kwa hatua jinsi mafundi hao wanavyofanya kazi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Ngozi, basi, ina kinga mbili: kofia na fundi. Tukitaka kujua kila moja ina thamani gani, tuangalie watu waliozaliwa bila mojawapo.

Wapo waliozaliwa bila fundi. Ugonjwa wao huitwa kseroderma pigmentosamu, na madaktari wa Vienna waliueleza tangu karne ya 19 bila kujua chanzo chake. Mwaka 1968, James Cleaver wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco alichukua seli za ngozi za wagonjwa hao, akazimulika kwa miale ya urujuanimno, akaona kwamba hazikufanya ile kazi ya kukata na kujaza ambayo seli nyingine hufanya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha kwa majaribio kwamba hitilafu ya kurithi katika ukarabati wa vinasaba huleta saratani. Jambo hili halikubaki Marekani. Katika kisiwa cha Mayotte, kati ya Comoro na Madagaska, ambako watu huzungumza lugha ndugu na Kiswahili, mtaalamu wa jeni François Cartault na wenzake waliripoti mwaka 2011 kwamba badiliko moja katika jeni iitwayo XPC limeufanya ugonjwa huo kumpata takriban mtu 1 kati ya 5,000, wakati Ulaya hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya milioni. Wagonjwa hao wa Mayotte ni weusi. Kofia zao ziko mahali pake, melanini imejaa, na bado ngozi na macho yao huharibiwa na jua tangu utotoni. Kati ya watu wenye ugonjwa huo wanaofuatiliwa na madaktari, nusu ya waliopata saratani ya ngozi ya kawaida huipata kabla ya kufikisha miaka 10. Lakini wale wanaofunikwa mapema, wanaovaa vitambaa vizito na vioo vya uso na kucheza nje baada ya jua kutua, huchelewa sana kupata uvimbe. Wafaransa huwaita watoto wa mwezi. Jeni yao haijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni idadi ya saa walizokaa juani.

Ushahidi wa pili umeandikwa ndani ya uvimbe wenyewe. Mwaka 1991, Douglas Brash na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale walisoma jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike. Walichukua vipande vya saratani ya seli bapa, aina ileile inayowaua watu wenye ualbino barani Afrika. Zaidi ya nusu ya vipande hivyo vilikuwa na jeni hiyo iliyovunjika, na makosa yalifanana: herufi C ilikuwa imegeuka T, na mahali pengine C mbili zilizokaa pamoja ziligeuka T mbili kwa mpigo. Moshi wa tumbaku hauachi alama ya namna hiyo, wala uzee. Ni alama ya miale ya urujuanimno ikigonga herufi jirani. Mtu anayetilia shaka kwamba jua ndilo lililofanya kazi hiyo anaonyeshwa saini yake. Njia hiyohiyo ya kusoma saini hulinda ukweli upande wa pili, kwa sababu si kila saratani ya ngozi ni kosa la jua. Bob Marley, aliyefariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, aliuawa na melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Melanoma za nyayo na chini ya kucha, ambazo ndizo huonekana zaidi kwa watu weusi, hazibebi saini hiyo ya jua kwa wingi. Kwa hiyo anayesema kwamba Mwafrika hapati saratani ya ngozi amekosea, na anayesema kwamba kila saratani ya ngozi huletwa na jua amekosea pia. Kwa mtu mwenye ualbino, hata hivyo, saratani zinazotokea ni karibu zote za seli bapa au za tabaka la chini la ngozi ya juu, na huota pale jua linapofika: masikio, shingo, uso, mdomo wa chini, mgongo wa mkono. Kwapani na tumboni ni nadra kuonekana. Ngozi ni moja na jeni ni zilezile mwili mzima. Tofauti ni nguo.

Sasa tufike kwenye jeni yenyewe. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi katika Afrika ya Wabantu hutokana na jeni iitwayo OCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 15. Jeni hiyo hutengeneza mlango katika ukuta wa vile vifuko vya rangi. Mlango ukikosekana, hali ya ndani ya kifuko haifai kupikia melanini. Miaka ya 1990, watafiti waliokuwa wakiwasoma watu wenye ualbino walikuta kosa moja likijirudia, yaani kipande cha herufi 2,700 kimedondoka. Richard Spritz na wenzake waliripoti mwaka 1995 kwamba karibu robo tatu ya jeni zenye hitilafu walizozikuta kwa wagonjwa wa Tanzania zilikuwa na pengo hilo. Kusini mwa Afrika, Trefor Jenkins, Michèle Ramsay na wenzao walikuta kiwango hichohicho. Pengo lenyewe huanza na kuishia herufi zilezile, Dar es Salaam kama Johannesburg. Kosa lisingetokea kwa namna hiyohiyo moja mara nyingi, kila mahali peke yake. Lilitokea mara moja, kwa mtu mmoja, likasafiri na vizazi vyake. Wataalamu wanakadiria kwamba lilikuwepo maelfu ya miaka iliyopita, kabla Wabantu hawajatawanyika. Anayelibeba pengo hilo leo, awe Mmachame, Mzulu au Mbemba, ana babu mmoja na wengine wote wanaolibeba.

Ukweli huu unagusa nyumba za watu. Ualbino hutokea tu pale mtoto anapopokea nakala yenye pengo kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja ni mweusi kama ndugu zake na hajui kama anaibeba. Jennifer Kromberg na Jenkins walihesabu mwaka 1982 kwamba miongoni mwa watu weusi wa Afrika Kusini, mtu 1 kati ya 3,900 alikuwa na ualbino. Hesabu ya urithi inaonyesha kwamba ili kufikia idadi hiyo, karibu mtu 1 kati ya 32 ni lazima awe mbebaji. Tukitumia kipimo hicho kama mfano, katika kanisa lenye waumini 320 Jumapili asubuhi, watu 10 wanabeba nakala hiyo bila kujua. Wawili kati ya hao wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino, na nafasi hiyo haipungui wala kuongezeka kwa sababu ya mtoto aliyetangulia. Baba anayemfukuza mkewe wodini kwa madai kwamba mtoto si wake anamfukuza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amechangia nusu kamili. Mkunga akiweza kuyasema hayo kwa maneno mepesi siku ya kwanza, kabla shangazi na majirani hawajafika na maneno yao, amefanya kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya.

Katika mji wa migodi hoja nyingine hujitokeza haraka. Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, Kampemba ina mtaa wa viwanda, na watu wameshuhudia vumbi na maji machafu vya kutosha kuvishuku kwa kila mtoto anayezaliwa tofauti. Shaka hiyo haitoki hewani. Mwaka 2020, jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanyika Lubumbashi na watafiti wa hapo, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi zinazohusiana na migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Mji una haki ya kudai majibu juu ya hilo. Lakini ualbino haumo katika deni hilo. Pengo la herufi 2,700 lilikuwepo maelfu ya miaka kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, nalo linapatikana vijijini ambako hakuna tanuru. Kuitwisha migodi kosa lisilo lake kunadhoofisha madai ya kweli dhidi yake, na kunamwacha mzazi akihangaikia maji ya kisima wakati mwanawe yuko uwanjani kichwa wazi.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la majaliwa: kwamba aliyezaliwa hivi atakufa mapema, na hakuna la kufanya. Takwimu za zamani zinaonekana kuliunga mkono. A. N. Okoro, alipoandika mwaka 1975 juu ya watu wenye ualbino nchini Nigeria, hakumkuta hata mmoja aliyevuka miaka 20 ambaye ngozi yake haikuwa na saratani au dalili zinazoitangulia. Jeff Luande na wenzake walichapisha mwaka 1985 uchunguzi wa watu 350 wa Dar es Salaam wenye picha ileile: madhara huanza utotoni, na saratani kubwa hufika mtu akiwa bado kijana. Afrika Mashariki kuna msemo kwamba zeruzeru hafi, hupotea tu. Msemo huo ni kumbukumbu ya vifo vilivyotokea mapema mno, majumbani, baada ya kidonda kunuka na wageni kuacha kuja. Watu hawakuwaona wakizeeka, wakahitimisha kwamba hawafi. Katika nchi kadhaa imani za namna hiyo zimefungua njia ya mauaji. Lakini tuzisome takwimu hizo kwa makini. Okoro na Luande walipima watu walioishi juani bila kofia, bila mafuta, bila uchunguzi, wengi wao wakilima au kuuza vitu barabarani kwa sababu shule iliwashinda: uoni hafifu unaoambatana na ualbino uliwafanya wasione ubao. Takwimu hizo zinapima jeni pamoja na maisha hayo. Ukibadilisha maisha, jeni ikabaki ileile, matokeo hubadilika; hilo ndilo watoto wa mwezi wanalotuonyesha, na ndilo ngozi iliyo chini ya shati inaloonyesha kila siku kwenye mwili wa mtu yuleyule.

Wengine watauliza kwa nini juhudi ziende kwa watu wachache wakati malaria inajaza wodi. Swali ni la haki, na jibu ni la gharama. Saratani hii huanza kama gamba kavu, kidoa kinachokwaruza kidole, kisicho na maumivu. Katika hatua hiyo muuguzi aliyefundishwa huigandisha kwa naitrojeni ya maji kwa dakika chache, au daktari huikata kwa ganzi ya kawaida. Ikiachwa miaka miwili ikala sikio na kuingia kwenye mfupa, hapo ndipo inapodai upasuaji mkubwa, mionzi na fedha ambazo familia hazina. Macho ya muuguzi wa kituo cha afya, yanayotazama masikio, shingo na mdomo kila baada ya miezi michache, hayainyang'anyi malaria kitu. Elimu hiyohiyo huwafaa pia wasio na ualbino: kidonda cha unyayo kisichopona na kucha inayoingia mstari mweusi unaopanuka vinastahili kuonwa na daktari. Tena wapo wanaojivua kofia kwa hiari. Mafuta ya kujichubua yanayouzwa hadharani katika masoko yetu hufanya kazi kwa kumzuia yule mpishi wa melanini. Madaktari wa Dakar wameeleza habari za wanawake weusi waliojichubua kwa miaka mingi na kupata saratani ya seli bapa shingoni, mahali ambapo kwa kawaida mtu mweusi haipati. Kinga iliyokosekana kwa mtoto mwenye ualbino kwa kuzaliwa, mtu mwingine anailipia fedha ili aiondoe.

Linabaki suala la mafuta ya kukinga jua, kwamba ni ghali na hutoka mbali. Moshi, kaskazini mwa Tanzania, kuna mfano wa kujibu. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992 kimefundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika, na kliniki zake za kuzunguka vijijini, zilizoanzishwa enzi za daktari Barbara Leppard, zimewafuata watu wenye ualbino mahali walipo. Hapohapo mfamasia Mhispania, Mafalda Soto Valdés, alianzisha utengenezaji wa mafuta yaitwayo Kilisun, yanayopikwa na Watanzania na kugawiwa bure pamoja na mafunzo. Lubumbashi nayo ina maduka ya dawa na chuo kikuu chenye wafamasia. Hakuna kinachoizuia isipokuwa uamuzi na bajeti. Wala tusingoje mafuta. Huisha, husahaulika, hutoka kwa jasho, ilhali kitambaa kizito hakihitaji kupakwa tena saa nane. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, ule unaofunika masikio na shingo ambavyo kofia ya mchezo huviacha wazi, na shati la mikono mirefu vinashonwa na fundi yeyote mwenye cherehani. Anayesema tungoje tiba ya kurekebisha jeni anamtaka mtoto alipe riba ya kusubiri kwa ngozi yake mwenyewe.

Piga hesabu ya mtoto mmoja anayeanza shule ya msingi. Chukua saa 1 tu ya jua kali kwa siku: mstari wa bendera uliorefuka, mazoezi ya viungo, na njia ya kurudi nyumbani saa sita. Kwa siku 200 za masomo na miaka 6, hizo ni saa 1,200 kabla hajafikia umri wa kujiamulia. Nyingi kati yake ziko mikononi mwa mwalimu mkuu. Anaweza kuruhusu kofia pale kanuni ya sare inapoikataza, kuhamishia mazoezi saa moja asubuhi wakati vivuli bado ni virefu kuliko watoto, kumweka mtoto dawati la mbele mbali na dirisha ili aone ubao na asiishie kuuza barabarani, na kuwapanga wanafunzi upande wa uwanja wenye mwembe. Pengo la herufi 2,700 litabaki pale lilipo, kama lilivyobaki tangu kabla ya miji yetu. Zile saa 1,200 hazijaandikwa popote bado, na wanaozigawa ni watu wa Kampemba wenyewe.